ALAMA ZA MISTARI: ZISEMAVYO NA ZISIVYOSEMA

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa maduka, maghala na viwanda vya samaki, Kisumu



Tawi limetutaka tuseme habari ya bakodi, yaani ile alama ya mistari myeusi na myeupe iliyopigwa chapa juu ya karibu kila kitu kinachouzwa mjini hapa, tangu pakiti ya kiberiti mpaka katoni ya mafuta. Wengine wameuliza, chama cha wafanya kazi kina shauri gani na mistari ya pakiti ya chai? Jibu letu ni kwamba mashauri mengi yanayoletwa kwetu siku hizi yana mistari hiyo ndani yake. Keshia amekatwa mshahara kwa kuwa mashine imesoma bei nyingine. Mtu wa ghala ameambiwa alipe mali iliyopungua. Dada wa kiwandani amelaumiwa kwa lebo iliyokwenda na mzigo usio wake. Na kila mara tunapoketi na tajiri, yeye huja na karatasi iliyotoka katika kompyuta, na mtu wetu hunyamaza kwa sababu hajui ile mashine ilisoma nini, na nini haikusoma kamwe. Basi leo tuifungue mashine hiyo kwa maneno.

Habari za asili yake hatutazikalia sana. Mnamo mwaka 1948, huko Philadelphia nchini Marekani, mwenye maduka ya vyakula alikwenda kwa mkuu wa chuo akaomba wamtafutie njia ya kuandika mali bila ya karani kupiga tarakimu moja moja. Kijana mmoja aitwaye Bernard Silver aliyasikia maneno hayo, akamwambia mwenzake Norman Joseph Woodland. Huyu Woodland alijua alama za simu za zamani, zile za nukta na mistari. Siku moja ameketi ufuoni huko Miami alichomeka vidole katika mchanga, akavivuta kwake, na ile michirizi mipana na myembamba ikampa wazo. Hati ya uvumbuzi wao ilitolewa tarehe 7 Oktoba 1952. Hata hivyo mashine za kuisoma alama hiyo kwa bei ya kufaa hazikuwapo bado, na jambo likalala.

Walioijaribu kwanza kwa wingi walikuwa watu wa reli, na hili litawapendeza ndugu zetu wa reli, kwa kuwa mji wetu ni mtoto wa reli tangu mwaka 1901, zamani palipoitwa Port Florence. Tangu mwaka 1967 mabehewa ya Marekani yalibandikwa mistari ya rangi ubavuni, ili mashine kando ya njia iyahesabu yakipita. Jambo lilishindwa kwa sababu ambayo kila mfanya kazi wa reli angeliwaambia bure kabla hawajatoa fedha, yaani behewa huchafuka. Mwaka 1977 mpango huo uliachwa. Dukani alama ilifanikiwa zaidi. Tarehe 26 Juni 1974, katika mji wa Troy, jimbo la Ohio, keshia alipitisha pakiti ya chingamu ya Wrigley's mbele ya mashine, na hiyo ikawa bidhaa ya kwanza kuuzwa kwa alama hii tuliyo nayo. Alama ile ya Marekani ina tarakimu 12. Watu wa Ulaya walipoungana mwaka 1977 walifanya yao ya tarakimu 13, na hiyo ndiyo mnayoiona hapa kwetu. Shirika linalosimamia namba hizi duniani huitwa GS1, nalo lina ofisi Kenya.

Sasa namna inavyosomwa. Mashine ya kaunta ya kawaida hutoa mwanga mwekundu. Mstari mweusi huumeza mwanga, nafasi nyeupe huurudisha, na mashine hupima upana wa kila mmoja. Katika alama ya tarakimu 13 kila tarakimu, isipokuwa ya kwanza, imefanywa kwa vipande 7 vyembamba vilivyo sawa, vikagawanywa kuwa mistari 2 na nafasi 2. Ile mistari mirefu kidogo mwanzoni, katikati na mwishoni haina tarakimu, ni mipaka tu, humwambia msomaji mahali pa kuanza, pa kugawa na pa kukoma. Vyote pamoja ni vipande 95.

Mtu akifahamu hayo atafahamu pia kwa nini mashine hukataa. Alama iliyopigwa chapa kwa wino mwekundu juu ya karatasi nyeupe haisomeki, maana kwa mwanga mwekundu wino huo huonekana mweupe kama karatasi. Alama iliyokatwa kando kandoni haisomeki, kwa kuwa ile nafasi tupu ya kulia na kushoto ni sehemu ya alama, wala si karatasi iliyobaki. Pakiti laini ya omena iliyokunjamana hupindisha mistari. Samaki aliyetoka katika barafu hufanya umande juu ya nailoni, na umande hutawanya mwanga. Na lebo za karatasi ile inayopigwa chapa kwa moto, bila ya utepe wa wino, hufifia zikikaa juani au karibu na joto. Ndiyo maana lebo iliyokuwa nzuri saa mbili asubuhi haisomeki saa tisa. Haya yote keshia huyashinda kwa kufuta, kunyosha, kugeuza na kujaribu tena, na muda anaoutumia huandikwa na mashine kuwa ni uvivu wake. Tutayarudia mambo ya muda.

Mashine ikishindwa kabisa, keshia hupiga tarakimu kwa mkono. Hapo ndipo ilipo akili ya tarakimu ya mwisho, ambayo watu wengi hudhani ni ya kawaida kama zile nyingine. Tarakimu hiyo ni mlinzi. Chukueni penseli tufanye pamoja, kwa namba tuliyoitunga kwa ajili ya somo hili tu: 616000012345, na ya 13 hatujaijua. Jumlisheni tarakimu za mahali pa 1, pa 3, pa 5, pa 7, pa 9 na pa 11. Ni 6, 6, 0, 0, 2 na 4, jumla 18. Kisha za mahali pa 2, pa 4, pa 6, pa 8, pa 10 na pa 12. Ni 1, 0, 0, 1, 3 na 5, jumla 10. Zidisheni mara 3, ni 30. Kumi na nane na thelathini ni 48. Ili tufike kumi kamili iliyo mbele, yaani 50, twahitaji 2. Basi tarakimu ya 13 ni 2. Sasa keshia aliyechoka akibadilisha ile 12 ya katikati akapiga 21, hesabu itakuwa 50 kamili na mlinzi angekuwa 0. Mashine inaona 2 na inakataa. Lakini mlinzi huyu ana tundu moja. Tarakimu mbili zilizopakana ambazo tofauti yake ni 5, kama 1 na 6 au 2 na 7, zikibadilishana mahali, mlinzi habadiliki hata kidogo na mashine hupokea. Kwa hiyo ni kweli kwamba mtu aweza kupiga namba isiyo yake na mashine ikanyamaza, na mwanachama anayelazimishwa kupiga kwa mkono siku nzima kwa kuwa mashine yake ni mbovu ana haki ya kusema hivyo, na kuandikiwa kwamba amesema.

Tuingie sasa katika mambo ambayo bakodi haisemi, kwa kuwa hapo ndipo watu wetu huumia.

Kwanza, haisemi bei. Tafadhali lishikeni neno hili. Katika mistari ile hamna shilingi wala senti. Mna namba tu, kama namba ya mtu katika daftari la mishahara. Mashine ya kaunta hupeleka namba kwenye kompyuta, na kompyuta hutazama katika daftari lake ambalo ofisi imeliandika, ikarudisha jina la kitu na bei. Ikiwa rafu inasema shilingi 120 na kaunta inasema 135, keshia hakufanya kosa lolote. Ama ofisi ilibadili daftari na haikutoa karatasi mpya za rafu, ama karatasi zilitolewa na hazikubandikwa. Mteja humkaripia aliye mbele yake, na hilo hatuwezi kulizuia. Lakini tajiri hawezi kumkaripia keshia kwa daftari ambalo keshia haruhusiwi hata kulifungua. Mwiteni msimamizi hapo hapo, andikeni saa na namba ya risiti. Nanyi mnaobandika karatasi za rafu usiku, msianze kazi kwa maneno ya mdomo. Ombeni orodha ya bei zilizobadilika kwa karatasi, yenye tarehe.

Liko fungu moja linaloachana na kanuni hiyo. Namba zinazoanza na 20 mpaka 29 ni za duka lenyewe, nazo haziendi nje ya duka. Hizo ndizo mizani ya dukani inazopiga chapa kwa nyama, nyanya, vitunguu, ngege au mbuta wa kupimwa, na ndani yake mara nyingi mna bei au uzito wenyewe. Hapa lebo inabeba fedha, na wezi wanalijua hilo. Mtu hupima vitunguu robo, akabandua lebo, akaibandika juu ya kilo mbili za nyama. Mashine italia vizuri kabisa. Kwa hiyo tunawaambia dada zetu wa kaunta, msiutumaini mlio. Tazameni jina linalotokea kwenye kioo, kisha mtazame kitu kilicho mkononi. Na kama tajiri anataka mtu atazame hivyo kwa kila kitu, basi asimpigie hesabu ya vitu kwa dakika kana kwamba hatazami.

Pili, haisemi kitu kimetengenezwa wapi. Namba zetu za Kenya huanza na 616, za Tanzania 620, na watu wema wanaopenda kununua vya nyumbani hutafuta 616 wakaridhika. Maana ya 616 ni kwamba kampuni iliyochukua namba ilijiandikisha Kenya, basi. Mchele uliotoka Pakistani ukajazwa katika mifuko na kampuni ya Kenya utakuwa na 616, na utakaa rafu moja na mchele wa Ahero ulioloweka miguu ya ndugu zetu. Mtu anayetaka kumsaidia mkulima wa Ahero asome maandishi ya mfuko. (Vitabu navyo vina desturi yao. Huanza na 978, na vya Kenya vingi hufuatwa na 9966. Watoto wenu wana vitabu hivyo nyumbani, mtavitazama.)

Tatu, ile alama ya kawaida ya rafu haisemi kitu kimeharibika lini. Pakiti zote za unga wa kilo mbili wa chapa moja zina namba moja, iliyosagwa jana na iliyosagwa mwaka jana. Mnakumbuka Novemba 2019, shirika la viwango KEBS liliposimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa ajili ya sumu ya aflatoksini. Mashine ya kaunta haikuweza kutenga unga wa kinu cha wiki hii na wa wiki ile. Namba ilikuwa moja, na chapa nzima ilishuka rafuni, na waliobeba ni vijana wetu. Ikiwa basi mteja amerudisha maziwa yaliyopita siku, na msimamizi akamwambia keshia, “Mbona uliyapitisha?”, jibu ni kwamba mashine haikuonyeshwa tarehe, na kazi ya kuzungusha mali rafuni ina watu wake na saa zake, nayo hutaka watu wa kutosha.

Tukiacha kaunta twende nyuma, ghalani, tutakuta alama za jamaa nyingine. Juu ya katoni za karatasi ngumu ya kahawia mna alama kubwa iliyozungushiwa fremu nene nyeusi. Hiyo ina tarakimu 14. Fremu ile si pambo. Karatasi ya katoni ni mbaya kwa chapa, na fremu husawazisha mkandamizo wa chapa na kumzuia msomaji asishike nusu ya mistari. Tarakimu ya kwanza huonyesha aina ya ufungaji, na namba yote ni ya katoni nzima, wala si ya pakiti iliyo ndani.

Hapa tutawapa shauri moja lililopita mbele yetu, na duka hatulitaji. Ndugu yetu wa ghala alipokea katoni 30 za sabuni, akazisoma zote kwa mashine, akatia sahihi. Mwisho wa mwezi hesabu ilionyesha kasoro ya vipande 120. Aliitwa ofisini, akaambiwa atalipa kwa mafungu ya miezi mitatu, na karatasi ya kukubali deni iliwekwa mbele yake. Kwa bahati njema hakutia sahihi; alimwita mwakilishi wetu. Mwakilishi hakupiga kelele. Aliomba jambo moja, katoni moja iletwe ifunguliwe mezani mbele ya wote. Ndani mlikuwa na vipande 20. Daftari la kompyuta lilisema kila katoni ya namba ile ina vipande 24, kwa kuwa zamani zilikuwa na 24, na kiwanda kilipopunguza hakikubadili namba ya katoni kama desturi inavyotaka. Nne zilizopungua mara 30 ni 120. Deni likaisha hapo hapo mezani, na yule ndugu yuko kazini hata leo. Tazameni, kisu kimoja cha kufungulia katoni kilitosha, na bila ya mtu kujua kwamba alama ya katoni hubeba hesabu ya ndani kwa kudhani tu, angelilipa sabuni ambazo hazikuwahi kuingia katika lori.

Watu wa samaki, zamu yenu. Lebo yenu ndiyo yenye maneno mengi kuliko zote. Mtaona mstari mrefu, na chini yake tarakimu zilizogawanywa kwa mabano. Yaliyo katika mabano ni vichwa vya habari. (01) yatangulia namba ya bidhaa. (10) yatangulia namba ya fungu, yaani samaki wa zamu ile. (11) ni siku ya kutengenezwa, (17) siku ya mwisho ya kutumiwa, zote zikiandikwa mwaka kwanza, mwezi, kisha siku. Inayoanza na (310) ni uzito kwa kilo, na tarakimu ya nne humweleza msomaji nukta ya desimali ikae wapi. Na (00) yatangulia namba ya tarakimu 18 ambayo ni ya godoro moja la mzigo peke yake. Tunaita godoro ile meza ya mbao inayochukuliwa na foklifti.

Kwa nini taabu yote hiyo? Wazee waliokuwa katika viwanda vya mbuta miaka ya 1997 mpaka 2000 hawahitaji kuelezwa. Ulaya iliufunga mlango mara kwa mara, kwanza kwa habari za viini vya ugonjwa, kisha kwa hofu ya kipindupindu, kisha kwa habari za samaki waliovuliwa kwa sumu, na kila ulipofungwa waliokaa nyumbani bila ya kazi ni wakata minofu, wachukuzi na wavuvi wa ufuo wote, tangu Sio Port hata Mbita na kwingineko. Baadaye sheria ya Ulaya namba 178 ya mwaka 2002 iliamuru, tangu tarehe 1 Januari 2005, kwamba kila mwenye chakula aweze kusema amekipokea kwa nani na amempa nani. Lebo ndiyo kinywa chake. Sanduku moja likionekana na kasoro huko ng'ambo, namba ya fungu hurudi mpaka zamu, na pengine mpaka ufuo, na fungu hilo moja hukataliwa badala ya ziwa zima. Kwa hiyo dada anayebandika lebo mwisho wa meza ana kazi ya ulinzi, na mshahara wake bado ni wa mtu wa kubandika karatasi. Jambo hilo limo katika madai yetu.

Tena, ndugu wa samaki, lebo hubadilishwa wakati fungu linapobadilika. Makosa mengi huzaliwa katika dakika zile tano ambapo fungu la kwanza halijaisha na la pili limeanza, na msimamizi anasema “endeleeni tu.” Msiendelee. Lebo za zamani zilizobaki zihesabiwe, ziharibiwe, na aliyeziharibu aandike.

Za uwanja wa ndege tutazitaja kwa haraka, kwa kuwa wenzetu wa huko ni wachache leo. Karatasi inayofungwa kwenye sanduku la msafiri hubeba tarakimu 10, na ndani yake mna namba ya shirika la ndege na namba ya mzigo. Hupigwa chapa mara mbili, kwa urefu na kwa kukingama, ili isomeke sanduku likilala vyovyote. Tikiti ya kupandia ina alama ya namna nyingine, kama kipande cha kitambaa kilichofumwa.

Sasa ile ya miraba, iitwayo QR, ambayo imejaa mjini tangu hotelini hadi kwa mama muuza nguo wa Kibuye. Ilifanywa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave, na kiongozi wa kazi alikuwa Masahiro Hara. Haja yao ilikuwa ya kiwandani, kuhesabu vipuri vya magari. Mistari ya zamani husomwa upande mmoja tu. Hii husomwa kwa mapana na kwa marefu, na kwa hiyo hubeba zaidi sana, hata tarakimu 7,089. Miraba mitatu mikubwa ya pembeni humwambia msomaji alama imelala namna gani. Na imeandikwa kwa kurudia-rudia hivi kwamba, ikifanywa kwa kiwango cha juu, hata sehemu 30 kwa mia zikichafuka bado husomeka. Wale wa mabehewa wangaliipenda.

Mnaikuta pia katika mambo ya kodi, na hapa lugha yetu inatuchezea, kwa kuwa “kodi” ya kusoma na “kodi” ya serikali zimekaa mahali pamoja. Muhuri wa ushuru wa KRA ulianza kubandikwa juu ya sigara na pombe kali na mvinyo mwaka 2013, na tangu Novemba 2019 umekuwa pia juu ya maji ya chupa, soda na maji ya matunda. Uko mpango wa simu uitwao Soma Label ambao humwonyesha mtu kama muhuri ni wa kweli. Ndugu wa maghala ya vinywaji, mkipokea mali, piteni kreti chache kwa simu kabla ya sahihi, maana wakija maofisa wakakuta muhuri wa uongo, mtu wa kwanza kuulizwa ni yule ambaye jina lake limo katika karatasi ya kupokelea.

Kuhusu kulipa kwa QR, Benki Kuu ilitoa kanuni moja ya taifa mwaka 2023. Hatari yake ni ya kijinga sana lakini inawapata watu: mwizi huja na karatasi yake, huibandika juu ya ile ya duka, na fedha za siku nzima huenda kwake. Jicho la mtu haliwezi kuisoma alama hiyo, wala ya kweli wala ya uongo. Pitisheni kidole juu yake kila asubuhi muone kama kuna karatasi juu ya karatasi, na mteja akilipa, someni jina kabla hajaondoka.

Tumesema tutarudi kwenye muda. Mashine ya kaunta huandika kila mlio na saa yake, na beji yenu mnayoipitisha asubuhi huandika mlipoingia na mlipotoka. Jioni ofisi yaweza kusema fulani alipitisha vitu kadhaa kwa dakika, na fulani alifuta vitu mara ngapi. Hatuchukii hesabu. Tunachotaka ni kwamba hesabu isomwe na mtu. Keshia aliyewekwa kaunta ya mboga na lebo zenye umande hatalingana na aliyewekwa kaunta ya vitu vichache. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawapa haki, kifungu cha 26, ya kuelezwa habari zenu zinatumiwa kwa kazi gani, kuziona, na kutaka za uongo zisahihishwe. Kifungu cha 35 chasema mtu asiamuliwe jambo kubwa kwa hesabu ya mashine peke yake.

Na kuhusu kukatwa mshahara, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, haimruhusu tajiri kukata apendavyo. Kwa mali iliyoharibika au kupotea, lazima iwe ni kwa kusudi la mfanya kazi mwenyewe, na kiasi kiwe cha haki. Kwa fedha zilizopungua, lazima iwe ni kwa uzembe au udanganyifu wake, na mkataba wake uwe umesema waziwazi kwamba amekabidhiwa fedha. Makato yote pamoja hayawezi kupita theluthi mbili za mshahara. Kifungu cha 20 kinawapa karatasi ya mshahara inayoonyesha kila kilichokatwa. Na kabla ya mtu kuachishwa kazi kwa kosa, kifungu cha 41 chataka aelezwe kwa lugha anayoifahamu, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe. Lugha anayoifahamu, ndugu. Karatasi ya kompyuta yenye safu za tarakimu si lugha mpaka mtu aifasiri.

Kwa hiyo, mtu akiitwa, aulize haya: namba gani ilisomwa, ilisomwa au ilipigwa kwa mkono, daftari la bei au la katoni lilibadilishwa lini na nani, na kama alama yenyewe yaweza kuletwa mezani isomwe tena. Asitie sahihi siku hiyo.

Jambo moja limebaki. Shirika la GS1 limepanga kwamba mwisho wa mwaka 2027 mashine za kaunta duniani ziweze kusoma alama za miraba pia, zenye namba ya bidhaa na pamoja nayo fungu na tarehe. Yaani yale tuliyosema mistari haiyasemi, miraba itayasema. Kaunta itaweza kukataa maziwa yaliyopita siku yenyewe. Mashine mpya zitaletwa, na mafunzo lazima yaje pamoja nazo, katika saa za kazi zenye kulipwa. Wawakilishi wa kila duka waanze kuandika barua hiyo sasa, na nakala ije kwa katibu wa tawi.

Bwana Mwenyekiti, tumeweka mezani pakiti sita, katoni moja tupu na lebo mbili za kiwanda cha samaki ambazo hazina kazi tena. Penseli ziko. Kila mtu achukue pakiti moja, afunike tarakimu ya mwisho kwa kidole, aitafute kwa hesabu, kisha aondoe kidole. Atakayepata tofauti atuite, tutaihesabu pamoja naye.